Mapacha wa Kwenye Kadi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Kurwa na Doto walikwenda bombani. Bomba la kitalu chao pale kambini lilifunguliwa saa kumi na mbili na kufungwa saa moja na nusu, na mwenye kuchelewa alirudi na madumu matupu, akanawe kwa mate yake. Foleni yenyewe ilikuwa ya madumu, si ya watu. Unapanga dumu lako, unakaa pembeni, unalisogeza kila la mbele linaposogea. Kurwa alisogeza, Doto alipiga soga. Walikuwa wamegawana kazi hivyo tangu wakiwa wadogo na hakuna aliyelalamika.

Watu wa kitalu hawakuchoka kuwatania. Kurwa alikuwa mfupi, amejaa mashavu. Doto alikuwa mrefu, miguu utadhani ameazima kwa mtu mzima. Muuza mkaa alipowaona tu aliuliza hawa ni pacha wa namna gani, mmoja kigoda, mwingine ngazi, kisha akacheka mwenyewe kana kwamba ndiyo kwanza amelibuni jana. Wasichana nao walicheka. Kadi ya familia ilisema ni mapacha, mama alisema ni mapacha, basi walikuwa mapacha. Walikuwa na miaka kumi na miwili, na yote hiyo waliimaliza humo humo kambini.

Na kambi yenyewe, nani alidhani ingedumu hivyo? Watu walipofika wakikimbia vita waliambiwa watakaa miezi mitatu. Mahema yakachakaa, yakafunikwa maturubai. Maturubai yakachanika, zikajengwa kuta za udongo. Kuta nazo zikaanza kumomonyoka, na ile miezi mitatu ilikuwa bado haijaisha. Kila mwaka yalikuja maneno mapya: mwaka huu mnarudi kwenu, mwaka huu mnahamishwa. Watu walifunga mizigo, wakaifungua, wakaifunga tena. Mama yao, aliyekuwa fundi cherehani, alichoka mapema. Begi lake alilikata akalishona upya, likawa mfuko wa kuwekea vipande vya vitambaa.

Jumamosi moja, wakitoka bombani, waliona watu wamejazana mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya usajili. Doto akaweka dumu chini, akapenyeza shingo, akasoma. Familia zenye ufundi unaohitajika mjini zitahojiwa. Zitakazopita zitapewa vibali vya kuishi na kufanya kazi mjini, mtoto aende shule ya mjini, mtu akae kwake kama wakazi wengine. Si kwa miezi mitatu, ila moja kwa moja. Na chini yake kulikuwa na orodha ya namba za familia. Namba yao ilikuwa ya tatu.

Walikimbia mpaka nyumbani, maji yakiwamwagikia miguuni. Mama alikuwa anashona pindo za sare za shule. Doto akamweleza yote kwa pumzi moja: Jumatano, saa mbili, waende na kadi, na kila aliyetimiza miaka kumi atahojiwa peke yake.

Mguu wa mama ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. "Peke yake?" akauliza.

"Peke yake, mama. Chumba kimoja, mtu mmoja."

Kurwa alitegemea vigelegele. Badala yake mama alirudi kukanyaga cherehani, sindano ikamchoma kidole na yeye asishtuke. Alijifuta damu kwenye kanga, akaondoka bila kusema anakwenda wapi. Hapo ndipo Kurwa alipoanza kuogopa, ingawa bado hakujua anaogopa nini.

Mama alikwenda kwa Mzee Majibu. Mzee huyu aliishi nyumba ya nne kutoka kwao, na jina hilo alilipata kwa kazi yake ya kufundisha watu namna ya kujibu maswali ya maafisa. Alikuwa amehojiwa mara tatu, na mara zote tatu akakataliwa, lakini hilo halikumpunguzia wanafunzi hata mmoja. Watu walisema anayajua maswali yote, na kweli aliyajua. Mama alijifanya anamuulizia jirani yake: eti jirani ana mtoto wa kulea, kamwandikisha kwenye kadi kama wa kumzaa, afanyeje? Mzee Majibu akatikisa kichwa. Afunike, alisema. Wakijua tu kwamba mtoto si wake, wanamtoa kwenye kadi na kumpeleka nyumba ya yatima, na huyo jirani asahau kumwona tena.

Mama aliporudi alifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya kamwe, kwa sababu cherehani ilihitaji mwanga. Akawaketisha mkekani. Akawaeleza aliyoambiwa na Mzee Majibu, kisha akasema yale aliyoyafungia kifuani miaka kumi na miwili.

Kurwa alimzaa yeye. Doto alizaliwa na mdogo wa mama, miezi minne baadaye, njiani wakikimbia. Mdogo huyo hakuamka tena baada ya kuzaa, wakamzika kando ya barabara. Mama akawanyonyesha wote wawili. Walipofika kambini, karani wa siku ile alikuwa anawatenga watoto wasio na wazazi, wanapelekwa hema jingine.

"Nikaona nikisema ukweli wanakuchukua," mama alimwambia Doto, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Nikasema ni mapacha. Karani akaandika, hata hakuwatazama. Toka siku hiyo, kila anayeshika kalamu mbele yangu, mimi naona amekuja kukuchukua."

Doto hakulia. Aliangalia vidole vyake vya miguu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo sasa nikuite mama mkubwa?"

"Uniite ulivyoniita asubuhi."

Basi siku tatu zilizofuata nyumba ile iligeuka shule. Mzee Majibu alileta majibu, mama akayafundisha, watoto wakayakariri. Mmezaliwa lini? Nani alitangulia? Mlifikaje? Kwa kweli wao walifika nyuma ya lori la mbao. Lakini Mzee Majibu alilikataa lori kabisa, akisema maafisa wakisikia lori wanadhani mtu alikuwa matembezini, hakuwa anakimbia vita. Waseme walivuka mto alfajiri, mvua ikinyesha, mama kambeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Maafisa wanaupenda mto, alisema. Kurwa aliyasema majibu hayo akichota maji, akifagia, akila. Chakula hakikumshuka. Kila alipomtazama Doto aliona tayari yuko nyuma ya gari fulani, anakwenda, hageuki.

Jumatano ikafika. Waliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya mabati, pamoja na familia nyingine nyingi. Watu walikuwa wanasogeza midomo tu kama wanaosali. Doto aliitwa kwanza. Alisimama, akakunjua sketi yake, akaingia. Kurwa akaanza kuhesabu mabati ya paa ili asifikiri. Alifika arobaini, akaanza upya. Doto alipomaliza alitokea mlango wa upande wa pili, maana waliokwisha kuhojiwa hawakuruhusiwa kuonana na wanaosubiri. Kurwa alimwona kwa mbali, kainamisha kichwa. Halafu likaitwa jina lake.

Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Mezani palikuwa na faili la familia yao, limechakaa pembe, na kalamu moja. Feni ilizunguka lakini Kurwa alitokwa na jasho jembamba mgongoni. Akaulizwa jina, akajibu. Akaulizwa darasa, akajibu. Akaulizwa mama alimsimulia vipi safari yao.

"Tulivuka mto alfajiri, mvua ikinyesha, mama katubeba mmoja mgongoni na mwingine kifuani."

Afisa akaweka kalamu chini. Alivua miwani, akajifikicha macho. Hakuwa na hasira, alionekana mtu aliyechoka.

"Mwanangu, wewe ni wa saba tangu jana kuvuka mto huo alfajiri mvua ikinyesha. Mmoja wao katoka upande ambako hakuna mto wowote. Na mwenzako aliyetoka sasa hivi kaniambia maneno hayo hayo, neno kwa neno."

Kurwa alitafuta jibu la maneno hayo kati ya majibu yote aliyoyakariri, na halikuwemo.

Afisa akamweleza taratibu kwamba yeye si polisi. Kazi yake ni kuandika, na atakachoandika ndicho kitakachokwenda nao mjini. Mwingine atakisoma, na mwingine baada yake. Kikionekana cha uongo, faili lote linafungwa, la mama na la watoto. Kisha akashika tena kalamu.

"Mama yako alizaa watoto wangapi?"

Jibu lilikuwa moja tu, na Kurwa alilijua kuliko jina lake: wawili, siku moja. Alifungua mdomo, likakwama. Akisema mmoja, Doto anatolewa kwenye kadi, na aliyemtoa ni yeye. Akisema wawili, uongo unaandikwa upya, na huko mjini wataishi wakishtuka kila mlango unapogongwa. Mbona Mzee Majibu alisema itakuwa rahisi?

Na hapo ndipo lilipomjia wazo. Mzee Majibu aliwavusha watu saba mto ambao hawakuuona. Alisema maafisa wanaupenda mto, na huyu hapa afisa, wala haupendi. Kama la mto hakulijua, hilo la nyumba ya yatima alilijulia wapi? Mtu mwenyewe kakataliwa mara tatu. Kurwa hakuwa na hakika ya lolote, ila alijua kwamba hofu yao yote waliichukua kwa mtu huyo mmoja bila kumuuliza kaipata wapi.

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba. "Nikikwambia kitu, mtamchukua Doto?"

"Siwezi kukuahidi jambo ambalo sijalisikia," afisa akajibu. "Ninachoweza kukwambia ni kwamba nitakusikiliza mpaka mwisho."

Haikuwa ahadi. Kurwa alitamani iwe ahadi. Alipiga moyo konde hivyo hivyo, akasema: lori la mbao, barabara, mama mdogo aliyezikwa njiani, miezi minne, karani na hema jingine. Alipomaliza alikuwa anatetemeka mwili mzima, na kalamu ya afisa ilikuwa bado inaandika.

Mama akaitwa. Kurwa alimkuta Doto kwenye benchi la upande wa pili.

"Umesema?" Doto akauliza.

"Nimesema."

Doto akasogea mpaka mwisho wa benchi, akampa mgongo. Kurwa alikaa hapo akilia kimyakimya, akijiona msaliti, mpaka mama alipotoka akiwa ameshika kadi kwa mikono miwili. Mama hakumgombeza. Alisema tu kwamba wameambiwa wasubiri, mtu atakuja nyumbani.

Kusubiri huko kulikuwa kubaya kuliko mahojiano. Wiki tatu. Likisikika gari kitaluni, Doto aliingia nyuma ya cherehani na kujifunika sare ambazo hazijapigwa pasi. Mama alikosea mishono, akafumua, akakosea tena. Doto alikuwa haongei na Kurwa isipokuwa kwa lazima, nisogezee ndoo, nipishe, na bombani sasa kila mmoja alisogeza dumu lake. Mzee Majibu alipopita alitikisa kichwa na kusema watoto wa siku hizi wanamwaga mtama hadharani. Wapo waliomuunga mkono. Kurwa aliposikia hivyo alitamani ardhi ipasuke aingie.

Gari lilipokuja kweli, ilikuwa saa nne asubuhi, nao walikuwa hawajajiandaa. Alishuka yule afisa mwenye miwani ya kamba. Aliomba kuzungumza na Doto peke yake, nje, kwenye kivuli cha ukuta. Mama alishika fremu ya mlango kwa nguvu mpaka vidole vikampauka. Kurwa alisikia vipande vipande: nani anakuuguza ukiumwa? Nani anasaini daftari lako la shule? Ungependa kuishi na nani? Majibu ya Doto hakuyasikia. Aliona tu mkono wake mrefu ukinyooka, ukionyesha nyumba yao, na ukabaki hapo hapo.

Afisa akawauliza majirani. Kisha akaulizia kama yupo mtu aliyekuwepo siku ya kuzaliwa Doto. Alikuwepo: mkunga mzee wa kitalu cha pili, aliyesafiri nao kwenye lori lile. Mkunga aliletwa, akasimulia alivyompokea mtoto na alivyomfunga mama yake sanda ya kanga. Akamalizia kwa kusema, "Miaka yote hii hakuna aliyekuja kuniuliza. Mngeniuliza, ningesema." Akatia dole gumba kwenye karatasi, gari likaondoka. Doto hakupanda.

Baada ya siku tisa waliitwa ofisini wote watatu. Mama alitembea kama mtu anayekwenda kupokea habari za kifo. Afisa aliwaonyesha viti, akafungua faili, na hakuzunguka.

"Vibali vyenu vimepita. Vitatu." Akasubiri mama aache kulia, kisha akaendelea. "Kuna fomu ya mtoto anayelelewa na ndugu. Imekuwepo miaka mingi. Doto anabaki kwako, ila sasa anabaki kwa haki, si kwa kujificha. Kama Kurwa asingesema, ningelifunga faili hili siku ile ile. Majibu yenu yalikuwa ya mtu mwingine."

Halafu akageuza karatasi, akaonyesha mstari mmoja ulioachwa wazi. Ulikuwa wa jina la mama mzazi wa Doto.

Mama aliutazama mstari ule. Jina la mdogo wake lilikuwa halijatoka mdomoni mwake tangu siku ile barabarani, kwa sababu kulitaja kungezaa maswali. Hakulitaja kwa majirani, hakulitaja kwa watoto, hakuliandika popote. Alilitaja sasa, mara mbili, ya kwanza ikiwa haikusikika vizuri. Afisa alipotaka kuandika, Doto akaomba kalamu. Aliliandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa mwandiko wake mzuri wa shuleni.

Huko nje familia nyingine zilikuwa bado zinasubiri. Wapo waliokuwa wamekataliwa, na wapo ambao namba zao hazikuwahi kupandishwa ubaoni. Mzee Majibu alikuwa pembeni akiulizia atahojiwa lini tena, na Kurwa alimsikia karani akimwambia, kwa upole, kwamba safari hii aje na safari yake mwenyewe.

Mama alikaa kwenye ngazi za ofisi, akamvuta Kurwa upande mmoja na Doto upande mwingine. "Nisikilizeni, wanangu," alisema. "Mimi nilidanganya kwa kuogopa, na mwenye kuogopa hivyo simlaumu. Lakini nilidhani uongo unanilindia mtoto. Kumbe kila mwaka ulikuwa unamweka hatarini, na mdogo wangu nikamfukia mara ya pili. Huko tunakokwenda mtaogopa tena, msidanganyane. Mkiogopa, ulizeni kwanza ukweli uko wapi, kisha muuseme, hata kama sauti inatetemeka. Kurwa ametetemeka, na ametuvusha."

Doto alinyoosha mkono nyuma ya mgongo wa mama, akamfinya Kurwa begani. Alifinya kwa nguvu, kwa sababu bado alikuwa na kinyongo kidogo, na Kurwa akakubali kufinywa.

Kisha Doto akamgeukia mama. "Alikuwa mtu wa namna gani?" akauliza.

Mama akatazama watu waliojaa uwanjani, makarani wakiingia na kutoka na mafaili yao, na hakushusha sauti. Akaanza na siku mdogo wake alipozaliwa, akaendelea na utundu wake, na wimbo aliokuwa akiukosea kila mara. Palikuwa na kimya cha miaka kumi na miwili cha kufidia, na hawakuondoka pale ngazini mpaka ofisi ilipofungwa.